Nkwayi wa Nyuma ya Soko

Mwavuli mweusi na lile gogo nimeviacha stoo, nyuma ya mlango. Mwavuli mkono wake umelegea, msiufungue penye upepo. Gogo limefungwa kwa kipande cha khanga kuukuu, msije mkadhani ni kuni. Mlinzi wetu alishalipeleka jikoni, nikaliokoa limeungua upande mmoja. Hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vifaa vyangu miaka yote niliyowatembeza watu mjini Kahama kuwaonyesha njia ya msafara na biashara ya watumwa. Ninyi mnaobaki ofisini mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi. Mambo ya vyeo na mishahara yako kwenye faili na wala hayachekeshi, kwa hiyo nitaandika yale ambayo faili halina.

Nilihamia kitengo cha utamaduni cha halmashauri nikitoka kufundisha historia sekondari. Siku ya kwanza nilikuta kiti bila meza. Meza, nikaambiwa, imeazimwa na ofisi ya jirani, na mpaka nastaafu haijarudi. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema wageni wa migodi, wa Segese na wa Geita, wakija mjini Jumamosi hawana cha kutazama.

"Watembeze," akasema.

"Niwatembeze wapi?"

"Mjini."

"Waone nini?"

"Si wewe ndiye mwalimu wa historia?" Akaondoka na ufunguo wa kabati.

Kundi langu la kwanza halikuwa la wageni wa mgodi, lilikuwa la wanafunzi. Niliwapanga pale kwenye kisima cha zamani, ambacho siku hizi kimefunikwa zege na pembeni vijana wanaosha magari. Nikaanza kusema hapa misafara ilipumzika, hapa mateka walinyweshwa maji. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, utumwa si ulikuwa Bagamoyo na Unguja? Huku kwetu haukuwepo." Nilitaka kumkatalia, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ndivyo nilivyofundisha. Kwenye ramani ya kitabu kulikuwa na mshale ulioanzia bara ukaishia pwani, na sisi wote, mwalimu na wanafunzi, tulikuwa tunatazama ncha. Sikuwahi kujiuliza ule mkia umesimama juu ya uwanja wa nani. Siku ile soli ya kiatu changu ilibanduka na nikamaliza matembezi nikiburuta mguu, lakini kilichoniuma ni lile swali.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Shija, nyapara mstaafu wa barabara. Njia ya msafara aliijua kwa sababu kila walipochonga barabara mpya, wazee wa mahali waliwaambia ile ya zamani ilipita wapi. Hakuwa mtu wa hotuba. Alinitazama mara moja nikiongoza kundi, akaniita pembeni. "Mama Sayi, unawasimamisha watu juani halafu wewe umejifunika mwavuli. Waweke wao kivulini, wewe simama juani. Mtu aliyepata kivuli haendi popote." Ndiyo maana mwavuli wangu ulikuwa wa kuonyeshea vitu tu. Alinifundisha pia kupiga hodi kwenye kila nyumba hata kama ninapita hapo kila wiki, na kwamba swali nisilolijua niseme silijui, kisha niligeuze, niwaulize waliopo. "Wewe unatembea na watu wa kila kabila," alisema, "halafu unataka wewe peke yako ndiye uwe unaongea?"

Gogo lilikuwa wazo lake. Alilichonga, akilipima mkononi, mpaka likawa na uzito wa pembe ya ndovu, na watu wakalibeba kwa zamu kutoka kisimani hadi pale zilipokuwa kambi, ambapo sasa malori yanalala. Maneno yangu yote kuhusu wapagazi hayakufanya kazi kama lile gogo. Nilikuwa nawaambia pia kwamba wapagazi wengi walikuwa watu huru, Wasukuma na Wanyamwezi waliojitafutia ujira na kujisifia safari zao, na kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa shingo. Watu hupenda uwaambie moja kati ya hayo mawili. Ukiwaambia yote, wanauliza maswali, na hapo ndipo kazi inapoanza kunoga.

Katikati ya njia tulisimama dukani kwa Kanji, Mhindi ambaye familia yake imeuza vitambaa na misumari pale tangu enzi za babu yake. Alitupa maji ya baridi na onyo lilelile kila mara: "Mama Sayi, usiwaambie babu yangu alikuja na msafara. Alikuja na treni, tena alitapika njia nzima."

Visa vigumu vilikuwepo. Wanaapolo, hao wachimbaji wadogo wa dhahabu, walikuja kundi zima wakiwa wamevaa vizuri, wakisikiliza kwa utulivu ulionipa furaha, mpaka nilipoona mmoja ameficha kifaa cha kutafutia madini ndani ya begi la mgongoni. Walidhani naonyesha mahali Mjerumani alipofukia mali. Niliwaambia ninachokijua mimi ni mali iliyotembea kwa miguu huku ikilia. Kiongozi wao akauliza, "Sasa mama, hao watu, hakuna aliyebaki hapa?" Nilipokea swali hilo kwa mtu aliyekuja kutafuta hazina.

Halafu akaja mhasibu mmoja wa mgodi, Mzaramo. Tulipofika kambi akapiga makofi. "Kumbe hapa ndipo babu zangu walipokuja kuchukua watumwa wao! Na wewe nimekupata, funga mizigo twende pwani."

"Babu zako walifika hapa migongoni mwa babu zangu, miguu imevimba kama viazi," nikamjibu. "Lipa kwanza nauli, mtumwa mkubwa wewe."

Wageni wenzake kutoka nje walishika midomo. Ikabidi nieleze kwamba huo ni utani, kwamba watu wa huku na watu wa pwani walizoeana kwenye njia hiyohiyo ya msafara, na mpaka leo mtani ana haki ya kukuita mtumwa hata msibani kwako, na usikasirike. Mhasibu alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Shija, aliyekuwa ametufuata siku hiyo, hakucheka. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Neno hilo kwa mtani tunalisema mchana kweupe. Mbona kwa jirani hatulisemi kabisa?"

Nilijua anamsema nani. Nyuma ya soko la zamani kuna nyumba ambayo mji mzima unaiita kwa Nkwayi. Mwenye nyumba alikuwa Mama Masanja, bibi wa umri mkubwa, mkavu, mwenye macho ya kukagua, na Nkwayi alikuwa bibi yake mzaa baba. Watu walisema kwa sauti ya chini kwamba Nkwayi alikuwa nsese, yaani mtumwa kwa Kisukuma, kisha wakabadilisha mazungumzo. Nikaenda kupiga hodi.

Mama Masanja alinisikiliza, akanipa kigoda, akasema bila kuzunguka, "Kweli kabisa. Nilimwona mwenyewe akiwa ameshazeeka, mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Yeye alikuja na msafara akiwa msichana. Akaugua pale kisimani, hawezi hata kusimama. Wakamwacha kwa mkulima, wakapewa majembe ya chuma. Akapona, akalima, mwisho akaolewa na mtoto wa yule mkulima. Ndiyo sisi hapa."

"Na kwao ni wapi?"

"Hapo ndipo penye donda, ng'wanawane, mwanangu."

Akaniambia shida yake. Jumapili Mama Masanja alikuwa mtu wa kanisani, tena wa benchi la mbele. Lakini mambo ya nyumbani yakienda mrama, alitambika kama walivyotambika baba zake: anakoroga unga wa mtama na maji, anawaita wahenga mmoja mmoja kwa jina na mahali pake, anageukia huko walikotoka. Akifika kwa bibi yake alikwama. Jina analo, mahali hana. "Nazunguka kama kuku aliyepotea," alisema. "Nimgeukie upande gani? Nami nikifa, hakuna atakayejisumbua kuuliza." Alitaka kujua bibi yake alikuwa wa wapi kabla naye hajalala, basi. Hakuna kingine alichotaka kwangu.

Mwanawe Masanja, fundi wa pikipiki, alikataa nyumba yao iingizwe kwenye matembezi. "Mama Sayi, mimi nina mabinti," alinilalamikia mlangoni. "Ukishatangaza kwamba hii ni nyumba ya nsese, nani atakuja kuposa hapa?" Sikumlaumu. Mama yake alijibu kutoka ndani, "Mabinti wako wataolewa na watu wenye akili au watakaa. Acha waje. Wanapita watu wa kila nchi hapo. Labda atapita mmoja anayelijua hilo jina."

Hivyo nyumba ikawa kituo chetu cha mwisho, na jina likawa ugonjwa wangu. Nkwayi halina maana kwa Kisukuma. Majirani walisema ni Nkwabi, jina la kawaida kabisa, ila msichana alikuwa na kigugumizi. Huko Runzewe, Wasumbwa wakasema si lao, niende kwa Wazinza. Mzinza mmoja Geita akaniambia nimuulize Mhaya. Mhaya akanitupia kwa Waha. Dereva wa lori la Burundi niliyemkuta Isaka alifikiri sana, akasema lazima ni aina ya pombe. Kila kundi lililofika pale, nikishamaliza kueleza, nilifunga mwavuli na kuuliza: nani anajua neno hili? Niliwauliza Wachina, Waghana, Waaustralia. Mzee Shija alifariki bila kupata jibu, na hata hospitalini alinikonyeza akauliza, "Kuna habari ya Nkwayi?"

Hili ndilo nataka mlishike kuhusu kazi yetu. Watu wanadhani mwongozaji anatoa habari. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa naomba.

Chanda alikuja Jumamosi moja asubuhi na wenzake wa mgodini. Alikuwa Mzambia, fundi wa mitambo mikubwa, mtu mpana mwenye sauti ndogo, Kiswahili chake amekiokota karakana. Gogo alilibeba njia nzima akakataa zamu. Dukani kwa Kanji alikunywa maji akiwa bado nalo begani.

Tulipofika kwa Mama Masanja, nilipiga hodi, tukakaribishwa. Chanda alipomwona bibi yule akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, akamwamkia kwa lugha ya kwao, "Mwapoleni, bamayo."

Mama Masanja akanigeukia. "Huyu ni Msukuma? Ameniita mayu."

"Hapana mama, ni Mzambia."

"Kwetu mama ni mayo," alisema Chanda, akitabasamu. "Kumbe na hapa?"

Tulicheka, nikaendelea na habari zangu kama kawaida, msafara, kisima, majembe. Nilipotaja jina la Nkwayi, Chanda hakushtuka. Alisema hapana, halijui. Nilikuwa nimeshazoea, nikaanza kuwashukuru watu waondoke. Ni yeye aliyeuliza, kwa adabu tu, "Walijuaje kwamba ndilo jina lake, kama hakuna aliyeelewa lugha yake?"

Swali hilo sikuwahi kuliuliza. Nililigeuza kwa mwenye nyumba, kama nilivyofundishwa.

"Alilisema mwenyewe," akajibu Mama Masanja. "Baba alinisimulia. Walimwonyesha kidole kifuani, wakamwita, we, we! Naye akasema Nkwayi. Kila walipomwita, anasema hivyohivyo. Hata uzeeni, mimi nimesikia kwa masikio yangu. Unamwita bibi, anajitaja." Akanyoosha shingo, akainamisha kichwa kidogo, na kutoka kwenye kifua kile kikavu ikatoka sauti laini ya msichana mdogo: "Eya, nkwayi."

Chanda aliliteremsha gogo chini.

"Mama, rudia."

"Eya, nkwayi."

"Mukwai," alisema Chanda. "Eya mukwai." Akatutazama mmoja mmoja. "Hilo si jina. Kwetu Wabemba, mkubwa akikuita, unaitika hivyo. Ni heshima. Kama kusema, naam mheshimiwa."

Mnajua jinsi ndimi zetu zinavyofanya. Neno likianza na mu, Msukuma analipokea puani, linatoka na n. Msichana aliitika mukwai, wakwe zake wakasikia Nkwayi, wakamwita kwa hilo. Naye kila akiitwa aliitika tena, na wao wakaona sawa, ndiye. Nilisisimka mwili mzima, na nisiwadanganye, ilikuwa furaha. Miaka yote ile! Nilitamani Mzee Shija angekuwepo nimpigie kelele.

Chanda hakuwa na furaha. Alisema neno hilo liko kwa Wabemba, na pia kwa majirani zao waliochukua lugha yao. Kisha akasema, akitazama gogo, "Mama, lazima nikwambie. Zamani zile, sisi tulikamata majirani tukawauza kwa watu wa msafara. Huenda alikuwa wetu. Huenda ni sisi tuliomuuza."

Mama Masanja alimpa kisogo. Aliniangalia mimi. "Kwa hiyo jina lake nani?"

Nikasema sijui.

"Umeniletea mtu aninyang'anye hata kile kidogo nilichokuwa nacho," akasema, akainuka, akafunga mlango.

Wiki kadhaa zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote kazini kwangu. Matembezi yalikomea kwenye kambi ya malori. Nilienda kupiga hodi, hodi ikarudi kama ilivyokwenda. Masanja alitoka mara moja, akapangusa grisi mikononi. Nilitegemea aniambie, si nilisema? Badala yake aliniambia mama yake hali chakula vizuri, na kwamba anasikika uani akijiita mwenyewe kwa jina lile kisha anaitika, kama anayejaribu nguo. Nilihuzunika sana. Nilikuwa nimefurahia neno, nikasahau kwamba kuna mtu ambaye neno hilo ndilo lililokuwa limemtunzia bibi yake.

Halafu Mama Masanja akaniita. Alituma ujumbe nimlete na yule Mzambia. Tulifika asubuhi, jua bado dogo. Familia nzima ilikuwa uani, Masanja na mabinti zake, na kibuyu cha unga wa mtama uliokorogwa kilikuwa miguuni pa mama. Aliitikia shikamoo zetu, akamkalisha Chanda karibu.

"Nina maswali mawili," akasema. "La kwanza, kwenu ni upande gani?"

Chanda aliangalia jua, akazunguka polepole, akanyoosha mkono kusini, akausogeza kidogo kuelekea magharibi. "Huko. Huko Kasama. Kama ni wetu au jirani zetu, bado ni huko."

"Wabeja, asante. La pili. Kwenu mtu akishaitika hivyo, yule aliyemwita anasema nini?"

Chanda alifikiri. "Anasema shida yake, mama. Anamtuma. Nenda kachote maji, nenda kalete kuni. Ukiitika mukwai, unasimama, unangoja kuambiwa."

"Anasimama anangoja."

"Ndiyo."

Mama Masanja alikitazama kibuyu miguuni pake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Maisha yote tumemwita," alisema. "Babu amemwita, baba amemwita, mimi kwenye matambiko yangu nimemwita. Ameitika. Halafu sisi tunamwita tena. Hakuna aliyemwambia kitu. Bado amesimama."

Akainuka, Masanja akamshika mkono. Aligeukia upande ule ulioonyeshwa na Chanda, bila kuzunguka safari hii, akatia mdomoni funda la ule unga uliokorogwa, akalipuliza huko. Akawataja wahenga wengine kwa majina yao na mahali pao. Alipofika kwa bibi yake aliita kwa jina lilelile, Nkwayi, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye shambani. Kisha yeye mwenyewe akainamisha kichwa na kuitika kwa sauti ile laini, eya mukwai, na mara hii mu ilitoka nzima.

Akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufika.

"Bibi," akasema, "hatukutumi popote. Kaa chini."